Mstatili wa Zambarau

…akibonyeza hapo hakuna kitu, hakuna kabisa, utatokea ule mstatili wa zambarau kwenye shuka jeupe lililotundikwa ukutani, mkubwa kama mlango, na sauti ya mwalimu Clementi itauliza swali, halafu kimya, itauliza tena, halafu kimya, na ukoo mzima utakaa unatazama zambarau, na Gody atakuwa amekaa hapa hapa kwenye kigoda, magoti yamebanana, laptop juu ya kreti la soda, na wa kwanza kugeuka kumtazama atakuwa baba yake… kwa hiyo asibonyeze, asubiri, mzee Makongoro bado anasali, na kwa mara ya kwanza tangu azaliwe Gody anamshukuru Mungu kwa sala ndefu za mzee Makongoro, mwenyekiti wa ukoo, mtu ambaye kwenye harusi pilau hupoa yeye akiwa bado hajawamaliza malaika, "…Baba, tunakuja mbele zako sisi watoto wako wa hapa Butiama, na wengine wametoka Bunda, Baba, na wengine Musoma mjini, umewaleta salama…", na bado kuna marehemu wote wa kutajwa, mmoja mmoja, kuanzia wale waliohamia huku na ng'ombe, labda dakika tano, labda saba, joto lenyewe hili la sebule iliyozibwa madirisha kwa blanketi ili projekta ionekane, labda tano, na kidole chake kiko juu ya kipanya, na kishale kimesimama juu ya alama ya kuchezesha, kimetulia, humu ndani kila mtu ana lake moyoni isipokuwa kishale.

Na kishale ndicho kilichomwingiza kwenye haya yote, hiki hiki, mwaka juzi, kwenye chumba cha kupanga Mukendo, alipokuwa anafundisha kompyuta kwa watu wa ofisini Musoma na jioni anajifundisha mwenyewe kuandika programu, akajiuliza swali la kijinga, kishale kinapita juu ya maandishi, kinapita juu ya picha, kwa nini hakifuti kitu, kwa nini kikiondoka ya chini yanabaki yalivyokuwa… akatafuta, akakuta kwamba kishale hakichorwi kwenye ukurasa wa skrini hata siku moja, kadi ya picha inakihifadhi pembeni, kwenye kumbukumbu yake yenyewe, inakitandaza juu wakati wa kuonyesha tu, jicho linaona viko pamoja na kumbe havijawahi kugusana, spraiti, ndivyo wenye kazi yao wanavyoviita vijipicha vya namna hiyo, na alikuwa na maktaba ya michoro, ya zamani, ya bure, iliyokubali kufanya kazi kwenye laptop yake ya mtumba, akatengeneza spraiti yake ya kwanza, sato mdogo anayeogelea juu ya barua ya kuomba kazi bila kufuta hata nukta, akacheka peke yake, akamwita mwenye nyumba aje aone, mwenye nyumba akatazama, akasema sawa, ni samaki. Halafu akafika kwenye tabaka la juu, ndugu yake spraiti, ila lenyewe linabeba video, unapaka mstatili kwenye ukurasa kwa rangi moja uliyoichagua, unaiambia kadi, popote uonapo rangi hii weka picha ya kamera, na kadi inaweka, kompyuta yenyewe haichoki, ile laptop iliyokuwa inakwama kwa kila video ikaanza kuonyesha uso wake mwenyewe ukicheka, bila kukwama, bila kusita, akachagua zambarau kwa sababu lazima iwe rangi ambayo haitatokea kwenye kitu kingine, na zambarau ile kali ya kuumiza macho hakuna mtu wa ukoo wao angeipaka hata kwenye mlango wa choo, na maelezo ya maktaba yalikuwa kurasa tatu, akasoma mbili, ya tatu akaiacha, maana ilikuwa tayari inafanya kazi bwana, unajiona pale unacheka, unaendelea kusoma ya nini… ya tatu ameisoma leo asubuhi.

"…mkumbuke mtumishi wako Bernado, Baba, uliyemtwaa mapema…", ndiyo, Bernado, baba yake mkubwa, mwenye nyumba hii, aliyekufa bila mtoto wa kiume wala wa kike, akamwacha mama mkubwa Jenoveva na nyumba na shamba linaloshuka kati ya yale mawe makubwa na zizi la ng'ombe, na mama mkubwa hakurudi kwao wala hakukubali kurithiwa, alifanya walivyofanya bibi zake waliokosa mtoto wa kiume, akatoa ng'ombe akaoa, nyumba ntobhu, akamleta Ghati kutoka upande wa Tarime awe mke wa mtoto wa kiume ambaye hakuzaliwa, azae, na watoto wawe wa nyumba hii na waitwe kwa jina la Bernado, na Ghati akazaa, akamzaa Flora ambaye sasa ana miaka saba, akazaa na huyu wa mgongoni, na Gody amemwita shemeji miaka yote hiyo bila kujiuliza shemeji kwa kaka yupi, kaka alikuwepo tu, kaka asiyeonekana, wanawake wawili walilima kwa jina lake na kupika kwa jina lake na hakuna aliyeona ajabu, mpaka mama mkubwa alipougua, kiharusi, mdomo ukavutwa kushoto, mkono wa kulia ukafa, ulimi ukafa, na hapo ndipo baba yake, mzee Kasmiri, ndugu pekee wa Bernado aliyebaki hai, alipoanza kusema maneno barazani. Hayo ni mambo ya zamani, padri hayatambui, serikali haiyatambui, boma la kaka yangu litarudi kwa ndugu wa damu, maana yake kwake, na wale watoto sijui ni wa nani, Ghati arudi kwao na watoto wake… na ukoo ukakaa, ukasema basi, aulizwe mwenyewe Jenoveva, akionyesha kwa ishara yoyote kwamba nyumba ni ya Ghati na watoto, tutaheshimu, ila tuone, au mtu wa damu yetu awe amemwona, siyo kuambiwa na majirani.

Ghati yuko nyuma yake sasa hivi, kwenye mkeka karibu na mlango, hahitaji kugeuka, anaisikia pumzi ya yule mtoto wa mgongoni mwenye mafua, na shangazi Dorotea anasema chini kwa chini, "Mnyamazisheni huyo, watu wanasali," na Ghati anambembeleza, leo asubuhi Gody alipofika na begi lake alimkuta anafagia uwanja ambao labda kesho si wake, akafagia mpaka kwenye shina la mwisho la mkonge, akaweka ufagio, akasema, "Shemeji, umekuja nayo?", akasema nimekuja nayo, Ghati akasema, "Basi Mungu ni mwema, leo wataonaga wenyewe," na akatabasamu, na Gody alikuwa tayari anajua, alikuwa amejua tangu saa moja asubuhi kule Manyamanyama, Bunda, alipohamia, na bado akasema nimekuja nayo. Mwongo. Hapana, hakusema uongo, alikuja nayo kweli, faili lipo, lina dakika kumi na moja na sekunde nane, maandishi ya maswali yametokea chini vizuri, tarehe iko juu, jina la marehemu limeandikwa kwa herufi nzuri, Jenoveva, kila kitu kipo isipokuwa Jenoveva.

Simu ingetosha. Hilo ndilo linalomla, simu tu, simu yoyote yenye kamera… mwalimu Clementi alikuwa ameshaitoa mfukoni siku ile, mwalimu mstaafu, jirani, mtu wa Ukerewe aliyekaa hapa miaka thelathini na bado wanamwita mtu wa kuja, ndiye aliyempigia, "Gody mwanangu, njoo upesi, mama yako mkubwa kichwa bado anatikisaga, anaelewa kila kitu, mimi nitamuuliza, wewe rekodi, maana neno langu hapa halitasimama, wewe ni damu yao," na alipofika mwalimu akatoa simu yake, akasema au tutumie hii tu, na Gody, Gody huyu, mjuzi, akamwambia weka mwalimu, hiyo siyo hadhi, ukoo wataka kuona maswali yameandikwa, wataka kuona tarehe, nina programu yangu, na mwalimu akairudisha simu mfukoni kwa heshima kama mwanafunzi… alifungua laptop kwenye meza ya dawa, akaelekeza kamera kitandani, zambarau ikajaa uso wa mama mkubwa, hai, laini, kila kope, mpaka yeye mwenyewe akashangaa jinsi ilivyo nzuri, akaweka na spraiti yake, kidoti chekundu kinachowakawaka pembeni kuonyesha kwamba tunarekodi, akajisikia mtu, akasema mwalimu, anza. "Mama Jenoveva, unanisikia?" Kichwa. "Huyu aliyekaa hapa ni nani wako, ni mfanyakazi?" Kichwa, hapana. "Ni mke wa nyumba yako?" Kichwa, ndiyo. "Na hawa watoto ni wa nyumba hii?" na mkono wa kushoto, ule uliobaki, ukamtafuta Flora shukani, ukampata, ukakaa juu ya kichwa chake. "Na nyumba hii na shamba, unamwachia Kasmiri?" Hapana. "Unamwachia Ghati na watoto?"… na yote hayo programu ilikuwa inahifadhi ukurasa wa skrini, picha baada ya picha, inauhifadhi kwa uaminifu kabisa, na ukurasa haukuwa na mama mkubwa, ulikuwa na rangi, mama mkubwa alikuwa juu ya ukurasa, kadi ilikuwa inamtandaza juu kwa ajili ya macho ya watu waliokuwepo tu.

Lakini alijaribu. Hakuna atakayeamini lakini alijaribu, hakuwa mzembe kiasi hicho, baada ya swali la mwisho alisimamisha, akafungua faili pale pale, akalichezesha, na akamwona, anaapa alimwona, uso wa mama mkubwa ndani ya fremu, unapumua, unapepesa macho, sauti ya mwalimu ikiuliza, akatazama kama nusu dakika akafunga, akasema iko vizuri, mwalimu akasema Mungu akubariki… na kamera ilikuwa haijazimwa. Hiyo tu. Kamera ilikuwa bado inamtazama, faili likaleta zambarau iliyorekodiwa, kadi ikaona zambarau, na kadi haijui zambarau ya leo wala ya jana, imeambiwa popote uonapo rangi hii weka picha ya kamera, ikaweka, kwa hiyo aliyemwona ni mama mkubwa mwenyewe, wa dakika ile ile, aliyelala hatua mbili kutoka alipokaa, angegeuza shingo tu angemwona bila mashine, amechoka, anapumua, na yeye akadhani anaona kumbukumbu. Siku tatu baadaye akafa, kabla ukoo haujafika kumuuliza. Faili likakaa kwenye begi siku arobaini, hakulifungua, alisema hataki kumwona kabla ya leo, siku yenyewe ya arobaini, alijiambia ni uchungu, na labda ulikuwa uchungu… leo asubuhi Manyamanyama, chai mkononi, akalifungua, zambarau. Akadhani limeharibika. Akalifunga akalifungua. Akachomeka kamera ili ajaribu programu yenyewe, na kwenye fremu, chini ya jina la Jenoveva, ukatokea uso wake yeye, Gody, ndevu hazijanyolewa, kikombe mkononi, na mwalimu Clementi akamuuliza kwa upole, unamwachia Ghati na watoto… chai ilimwagika, bado suruali ina doa, baba yake ameliona doa akasema, "Kijana wa kompyuta, hata chai inakushindaga?", akacheka, akamfuta kwa leso yake.

"…na mzee wetu Nyamhanga, Baba, na mke wake, na wale watoto wake wawili wa ule mwaka wa kipindupindu…", anaenda taratibu, yuko kwenye kizazi cha pili, bado kuna muda, na muda wa nini, wa kuamua nini, maana njia ya pili ipo, iko hapa chini ya kidole kingine, alikuwa ameiandaa mwenyewe kabla ya kupanda gari kutoka Bunda, mistari minne tu ya programu, kwamba akishika kitufe cha pili tabaka la juu lisichukue picha kutoka kwenye kamera, lichukue kutoka kwenye kipande cha video cha harusi ya Hilda kule Mugango, miaka miwili iliyopita, mama mkubwa mzima, amekaa mstari wa mbele, kwaya inaimba na yeye anatikisa kichwa, anakubaliana na wimbo, ndiyo, ndiyo, ndiyo, sekunde kumi na nne, amezikata, amesogeza karibu mpaka uso umejaa na ukumbi hauonekani, amepunguza mwanga kidogo ufanane na chumba cha mgonjwa, amezipanga zianze pale mwalimu anapouliza unamwachia Ghati… inakaa vizuri. Inakaa vizuri mno. Kwenye shuka hili lenye mikunjo, macho ya wazee haya, mzee Makongoro mwenyewe ana mtoto wa jicho, nani atajua, na tena ni kweli, alitikisa kichwa kweli, ingekuwa uongo kama asingetikisa, yeye anarudisha tu kilichokuwepo, anajaza tundu… lakini mdomo. Mdomo kwenye harusi umenyooka. Waliomlisha uji wiki zile za mwisho wanaujua mdomo wake ulivyokuwa umevutika, na aliyemlisha ni nani kama siyo Ghati, Ghati atatazama shuka, ataona mdomo ulionyooka, ataelewa mara moja, na atanyamaza, kwa ajili ya watoto atanyamaza, na kuanzia leo atakuwa anakaa kwenye nyumba yake halali kama mtu aliyeiiba, yeye ambaye hakuiba kitu, na siku yoyote mtu aliyekuwepo kule Mugango anaweza kusema mbona hii ni ile harusi, na hapo baba yake atasimama na kusema mmeona, mmeona, tangu mwanzo niliwaambia.

Au abonyeze tu. Zambarau itokee, aseme mashine imeharibika, mashine huharibika, kila mtu anajua, umeme wa huku wenyewe, na ukoo utaguna, na boma litaenda kwa mzee Kasmiri, na watasema mtoto amelifuta kwa ajili ya baba yake, watalisema miaka ishirini, kisimani, kwenye minada, na watakuwa wamekosea na watakuwa hawajakosea sana… maana hebu aseme ukweli humu ndani kichwani ambako hakuna mtu, siku ile aliposema nina programu yangu, ilikuwa ni kwa ajili ya hadhi tu? Ilikuwa ni maswali yaliyoandikwa vizuri na tarehe? Alitaka mashine iseme. Alitaka shuka liseme, ukuta useme, yeye awe fundi tu aliyekaa pembeni na waya, baba yake asije akasema hata siku moja mwanangu alinyanyua mdomo dhidi yangu, angesema ni ile mashine, na wangerudi nyumbani pamoja jioni, baba anamtania kuhusu mashine, na yote yangekuwa juu juu, hakuna aliyemgusa mwenzake. Baba aliyeuza dume lake zuri ili yeye asome. Baba aliyemvalisha koti lake siku anaenda chuo, akabaki na shati kwenye baridi ya asubuhi akijifanya hasikii baridi. Siyo mtu mbaya, Mungu wangu, ingekuwa rahisi kama angekuwa mtu mbaya, ni mtu anayempenda mtoto wake na anataka shamba la kaka yake, vyote viwili, kwa moyo ule ule, na shamba lenyewe alishasema analitaka kwa ajili ya nani, juzi tu kwenye simu, "Nitakuachia wewe, Gody, ujengeage na wewe, mpaka lini utapangaga," na yeye alisema sawa baba.

Macho yake yamezoea giza, anawaona sasa, vichwa vimeinamishwa, mwalimu Clementi karibu na kabati, kofia mapajani, hakupewa kiti cha mbele kwa sababu yeye si wa ukoo, anangoja kwa utulivu wa mtu anayejua kazi ilifanyika vizuri, na kitanda cha mgonjwa, kilichokuwa humu humu sebuleni, hakipo tena, wamekitoa, iko alama tu ya miguu minne sakafuni, hapo, na meza ya dawa ilikuwa hapa alipo, na yeye alikaa hivi, mgongo kwa mlango, kamera mbele yake, mama mkubwa mbele ya kamera… na alichokuwa anakitazama ni skrini. Muda wote. Alikuwa anatazama zile namba za pembeni, picha ngapi kwa sekunde, ishirini na nne, ishirini na tano, anafurahi hazishuki, kwa hiyo akisimama leo aseme niliona, aliona nini, aliona picha ya kamera kwenye skrini, na watamuuliza, na baba yake ana akili, atamuuliza yeye mwenyewe, uliona kwa macho yako au uliona kwenye mashine, na atajibu nini… subiri. Subiri, kulikuwa na kitu, alikasirika kidogo, siku ile, kitu fulani kilimkera kwenye picha, swali la mwisho, namba zilikuwa nzuri, mwanga ulikuwa mzuri, ni nini… macho. Macho ya mama mkubwa yalikuwa yanaangalia pembeni. Kwenye fremu yalikuwa yanatoka nje ya fremu, kulia, juu kidogo, picha inaharibika hivyo, mtu anatakiwa atazame kamera, na alisema, ndiyo, alisema, "Mama mkubwa, tazama hapa," akagonga kamera kwa kidole, hapa, na macho yakasogea kidogo kwa adabu, yakarudi kule kule, akagonga tena, yakarudi, akakasirika, akanyanyua kichwa juu ya kifuniko cha laptop aone anatazama nini, kuku, nzi, nini… na alikuwa anamtazama yeye.

Anamtazama yeye, siyo kamera, siyo mwalimu, siyo Ghati, amemkazia yeye macho tangu muda gani haijulikani, na mwalimu akarudia swali, "Unamwachia Ghati na watoto?", na akiwa anamtazama hivyo, akiwa ameng'ang'ania uso wake, akashusha kichwa, akakipandisha, akakishusha tena, polepole, kwa taabu, shingo inatetemeka, mate yanamtoka kwenye ule upande wa mdomo, na Gody akarudi haraka kwenye skrini kuona kama imeingia… hakuwa anaijibu mashine. Mashine ilikuwa nini kwake, alikuwa mke wa ukoo huu miaka hamsini, anajua neno lake linabebwa na nani, alikuwa ametafuta chumba kizima mtu wa damu ya Bernado akamkuta mmoja, amejificha nyuma ya kifuniko, akamngoja atokeze kichwa, na alipotokeza akampa, mkononi, kama unavyompa mtu kitu, na yeye aliyepewa akamwambia tazama hapa. Tazama hapa! Tangu asubuhi amelia faili lililopotea, na hakikupotea kitu, amekibeba siku arobaini, hata kwenye gari la Bunda, alikuwa nacho asubuhi wakati chai inamwagika, na aibu inampanda sasa mpaka kwenye masikio, na nyuma ya aibu hofu, hofu hasa, kwa sababu sasa hana pa kujificha, hakuna mtu humu wa kulisema ila yeye.

"…na sasa, Baba, tunamkumbuka huyu tuliyempumzisha majuzi, mama yetu Jenoveva, aliyekuwaga mtu wa maneno machache…", mtu nyuma anacheka kidogo puani, maana mama mkubwa alikuwa na maneno mengi kuliko wote, na mzee Makongoro amefika kizazi cha mwisho, hakuna marehemu mwingine baada ya huyu, zimebaki shukrani na Amina, na kidole cha Gody bado kiko palepale juu ya kipanya, kishale palepale, zambarau haijatokea na haitatokea, wala harusi, atasimama kabla mtu hajamwambia abonyeze, atasema mashine haikushika kitu, kosa ni langu, na atasema lakini mimi nilikuwepo, nilimwona, alinitazama mimi, halafu itabidi amwelekee mtu mmoja tu amwambie, siyo ukoo, na neno la kwanza litakuwa baba… anamtazama, amekaa kiti cha kwanza kabisa, karibu hivi kwamba angenyoosha mkono angemgusa goti, amevaa lile koti, macho ameyafumba kwa nguvu kama mtoto, kile kidole chake cha gumba kinaisugua ile leso aliyomfutia chai, ameikunjakunja, na midomo inafuata maneno ya sala, neno kwa neno, kwa imani yote, hajui bado.